Anasoma "matahari", anakwama kwenye "menyapu": uchambuzi wa kisa cha msomaji mchanga wa Kimalei

Usuli

Mwanafunzi wa kisa hiki ni mvulana wa Tahun 2, yaani darasa la pili, katika shule ya msingi ya serikali kwenye jimbo la Selangor, Malaysia. Huko watoto huanza shule wakiwa na miaka 7, kwa hiyo yeye alikuwa na 8. Jina lake, la shule na ya walimu wake yameondolewa, na mambo kadhaa ya familia yamebadilishwa ili asitambulike. Hapa ataitwa Adik, kama watoto wengi wadogo wanavyoitwa majumbani kwao. Kimalei ni lugha yake ya kwanza, wazazi wote wawili wanajua kusoma, na darasani hakuwa mtoro wala mtukutu. Hesabu alizimudu.

Mwalimu wa darasa alimpeleka kwa cikgu wa pemulihan, mwalimu anayewachukua watoto wachache wachache kwenye chumba cha pembeni na kuwasaidia pale wenzao walipowaacha. Nilikuwa msaidizi wa mwalimu huyo wakati wa masomo yangu ya elimu ya lugha. Maamuzi yanayoelezwa hapa ni yake. Uchambuzi wa mwishoni ni wangu.

Wakati huo shule zilifuata LINUS, mpango wa taifa ulioanza 2010 wa kuchunguza kama watoto wa Tahun 1 hadi 3 wanajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Upande wa Kimalei uligawanywa katika ngazi 12 zinazoitwa konstruk. Mtoto anaanza na herufi, anakwenda kwenye silabi wazi kama *ba* na *tu*, kisha silabi funge, yaani zinazoishia kwa konsonanti, kisha zile zinazoishia kwa *ng*. Diftongi, yaani irabu mbili zinazotamkwa kwa pamoja kama *ai*, ziko ngazi ya 8, konsonanti zinazoandikwa kwa herufi mbili ziko ya 9, na maneno yenye viambishi ya 10. Mbili za mwisho ni sentensi na ufahamu. Adik alipanda bila taabu mpaka ya 8. Ya 9 akayumba, ya 10 akaanguka.

Kimalei kilivyo, kwa anayesoma Kiswahili

Mpe Mswahili gazeti la Kimalei, mwambie tu kwamba *c* ni *ch*, na atalisoma kwa sauti bila kuelewa hata sentensi moja. Tahajia ya Rumi, yaani ya herufi za Kilatini, ilisawazishwa kati ya Malaysia na Indonesia mwaka 1972, na karibu kila herufi ina sauti yake. Kuna kasoro ndogo kwenye *e*, ambayo ni sauti mbili: *perang* kwa e hafifu ni vita, na kwa e ya kawaida ni rangi ya kahawia. Watoto huzoea. Haikuwa shida ya Adik.

Mizizi mingi ni ya silabi mbili: *buku*, *mata*, *makan*, *tulis*, *sapu*. Maneno marefu hutokana na kuongezewa vipande mbele na nyuma, jambo ambalo sisi hatuhitaji kufafanuliwa sana. Kutoka *tulis*, andika, unapata *ditulis*, imeandikwa; *tulisan*, maandishi; *penulis*, mwandishi; *menulis*, kuandika. Tazama hilo la mwisho. Herufi *t* imetoweka.

Kiambishi *me-* hubadilika kufuata sauti ya kwanza ya mzizi, na sauti nne huzimeza kabisa: *p* inakuwa *m* (*pukul*, piga, *memukul*), *t* inakuwa *n*, *k* inakuwa *ng* (*kira*, hesabu, *mengira*), na *s* inakuwa *ny* (*sapu*, fagia, *menyapu*). Mizizi inayoanza kwa *b*, *d* au *g* inabaki salama: *membaca*, *mendengar*, *menggoreng*. Kiswahili kina kitu cha namna hiyo kwenye *-refu* na *ndefu*, au *ulimi* na *ndimi*, lakini kwetu ni pembeni mwa sarufi. Kwa Wamalei ni kitenzi cha kila ukurasa.

Jambo la mwisho ni *ng*. Ya Kimalei ni ile ya *ng'ombe*. Sauti ya *ngazi* wao huiandika *ngg*. *Tangan*, mkono, na *tangga*, ngazi, zinatofautiana hapo.

Yaliyotokea

Mwanzoni kila mtu alikuwa na sababu yake. Mwalimu wa darasa alisema mtoto hasomeshwi nyumbani. Mama alikataa kwa upole: "Cikgu, kila usiku baada ya Magharibi nakaa naye. Anasoma, lakini akimaliza mstari hajui amesoma nini." Macho yalipimwa, yakawa sawa. Baba, mzaliwa wa Kelantan, jimbo jingine la Malaysia, alijishuku mwenyewe, kwa sababu lahaja ya kwao hukata miisho ya maneno: *makan* husikika *make*, na *ikan*, samaki, husikika *ike*. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, lakini ilikufa katika kikao kimoja, maana *makan*, *ikan* na *jalan* Adik alizisoma vizuri, miisho yake yote ipo. Disleksia, yaani tatizo la kudumu la kusoma, ilitajwa pia. Cikgu hakuikubali wala kuikataa. Alisema atafanya kazi yake huku ombi la mtoto kupimwa na wataalamu likisubiri zamu.

Kisha akafanya jambo rahisi ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alichukua karatasi, akaandika maneno katika safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mizizi: *sapu*, *pukul*, *makan*, *lari*, *minum*, *main*. Ya pili ni maneno marefu yasiyo na kiambishi: *kelapa*, *kepala*, *basikal*, *almari*, *matahari*. Ya tatu ni mizizi ile ile ya kwanza ikiwa imevikwa viambishi: *menyapu*, *memukul*, *dimakan*, *berlari*, *minuman*, *permainan*.

Safu ya kwanza ilipita yote. Ya pili ilipita polepole, isipokuwa *basikal*, baiskeli, aliyoitamka kabla ya kidole kufika, kwa kuwa anayo yake. *Matahari*, jua, silabi nne, ilikwenda bila kosa.

Safu ya tatu ndiyo iliyotueleza kitu. *Dimakan* na *berlari* alizisoma kwa kusita na akajua maana. *Memukul* aliitamka silabi kwa silabi, sawasawa kabisa, kisha akasema hajui ni nini. *Menyapu* ilitoka "men-ya-pu". Mtoto huyo huyo, dakika chache kabla, alikuwa amesoma *sapu* na kufagia hewani kwa mkono kutuonyesha. *Minuman*, kinywaji, aliikata *mi-nu-man* kama alivyofundishwa, akafikiri kidogo, akasema labda ni jina la mtu. *Permainan* ilivunjika njiani.

Kulikuwa na kikaratasi cha pili, cha *ng*. *Pisang*, ndizi, ilipita. *Bunga*, ua, ikawa "bun-ga". *Dengan* ikawa "den-gan". Na *mengaji*, kusoma Qur'ani, ikawa "men-gaji". *Gaji* ni mshahara. Cikgu alicheka, Adik naye akacheka ingawa hakujua kwa nini.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuacha kuendesha silabi. Shule nyingi za Malaysia hufundisha kusoma kwa silabi: *b-a ba, t-u tu, batu*. Kwa lugha yenye mizizi ya silabi mbili ni njia nzuri, na ndiyo iliyomfikisha Adik alipofika. Tatizo ni kwamba silabi haziheshimu mipaka ya maana. *Minum* ikiongezwa *-an*, ile *m* ya mwisho huhamia silabi inayofuata, na mzizi unapasuka: *mi-nu-man*. Mtoto anayesikiliza silabi hawezi kuisikia *minum* tena. Cikgu aliamua kwamba kwa maneno ya safu ya tatu, na hayo tu, Adik atafute kwanza kipande anachokijua ndani ya neno, ndipo asome.

Uamuzi wa pili ulikuwa mpangilio. Kitabu cha darasa kilianza na *me-* kwa sababu ndicho kiambishi kinachoonekana zaidi. Cikgu alikirudisha nyuma. Alianza na *di-*, *ber-* na *-an*, ambako mzizi unabaki mzima machoni. Wiki zilizofuata akaingiza *membaca* na *mendengar*, kiambishi kinachobadilika lakini mzizi haujaguswa. Zile sauti nne zinazomezwa alizificha mpaka mwisho. Mwalimu mwenzake alimwambia anampotezea mtoto muda, kwani *menulis* iko kwenye kila zoezi. Jibu lake lilikuwa kwamba huwezi kumfundisha mtoto kutambua mtu aliyevaa kinyago kabla hajamjua usoni.

Wa tatu ulihusu mdomo kabla ya jicho. Kimalei cha nyumbani hudondosha *me-*. Mama husema *adik tulis dulu*, adik andika kwanza; hasemi *menulis*. Mtoto hukutana na *menulis* kwenye kitabu na kwenye taarifa ya habari. Kwa hiyo alipoifumbua kwa sauti, hakukuwa na neno kichwani la kuipokea. Mama aliombwa kucheza mchezo mmoja jikoni: yeye aseme kwa lugha ya nyumbani, *mak goreng ikan*, mama anakaanga samaki, mtoto airudishe kwa lugha ya kitabu, *emak menggoreng ikan*. Hakuna karatasi, hakuna kalamu. Nadhani hili ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote, na ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Wa nne ulikuwa wa *ng* na *ny*, na ulitoka mahali ambapo sikupatarajia. Adik alikuwa anafanya vizuri katika Jawi, Kimalei cha herufi za Kiarabu, ambacho watoto wa Kiislamu hufundishwa shuleni. Katika Jawi, *ng* ni herufi moja, ain yenye nukta tatu juu, na *ny* nayo ina herufi yake moja. Cikgu alimwandikia *bunga* kwa Jawi. Akaisoma bila kigugumizi. Basi sikio lilikuwa zima. Kilichomchanganya ni Rumi kuandika sauti moja kwa herufi mbili, ambazo katikati ya neno anaweza kuzigawa huku na huku. Mwishoni mwa neno, kama *pisang*, hakuna pa kuzigawa, ndiyo maana alipita. Tangu siku hiyo *ng* na *ny* za Rumi ziliandikwa ndani ya kisanduku kimoja, na juu yake herufi ya Jawi kwa penseli hafifu. Herufi za Jawi zilifutwa moja moja kadiri alivyozoea.

Matokeo

Maneno ya *di-*, *ber-* na *-an* yalifunguka mapema. *Bunga* na *dengan* zilitulia, na *mengaji* ikarudi kuwa Qur'ani. Safari ya *me-* ilikuwa ndefu zaidi, lakini alipofika kwenye zile sauti nne alikuwa tayari anazisema kwa mdomo jikoni, na alipoiona *menyapu* kwenye kadi alisema *sapu* kabla ya kuulizwa. Katika uchunguzi wa LINUS uliofuata alivuka ya 9 na ya 10.

Kabla ya hapo palikuwa na kipindi kibaya. Baada ya kujua kwamba maneno yana vipande vya kubandua, alibandua kila kitu. *Bersih*, safi, aliikata akabaki na "sih". *Dinding*, ukuta, ikawa *di-* na "nding". *Terbang*, kuruka angani, ikawa *ter-* na "bang". Maneno aliyokuwa anayasoma bila shida mwezi uliopita yakaanza kumshinda. Mama aliogopa, na mwalimu wa darasa alisema wazi kwamba mtoto ameharibiwa.

Cikgu alimpa kipimo: ukibandua, kilichobaki ni neno? "Sih" si neno, basi rudisha. "Nding" si neno, rudisha. Kwa *terbang* Adik alijibu haraka, *bang ada, cikgu*, lipo, kwa sababu *bang* ni namna ya kumwita kaka mkubwa, kifupi cha *abang*. Hakuwa amekosea. Ilibidi kiongezwe kipimo cha pili: soma sentensi yote, neno hilo linakaa? Ndege hana kaka hapo.

Kwenye kuandika alibaki nyuma. Aliandika *mensapu* na *mempukul*, na mwalimu wa darasa alizipiga mstari mwekundu.

Uchambuzi

Mwaka 2010 watafiti wa Singapore walichapisha kanzidata ya maneno 9,592 ya Kimalei, wakapima jinsi watu wazima wanavyoyatambua. Walikuta kwamba urefu wa neno ulitabiri kasi kuliko wingi wa matumizi yake. Wasomaji wa Kiingereza, ambako tafiti nyingi zimefanyika, hutegemea sana kama neno ni la kawaida. Wa Kimalei huonekana kama wanajenga neno kutoka herufi na silabi, kwa kuwa tahajia inawaruhusu. Ukisoma matokeo hayo peke yake, ungesema Adik alishindwa na urefu, na dawa ni mazoezi ya maneno marefu.

Safu ya pili ya cikgu inapinga hilo kwa mtoto huyu. *Matahari* ni ndefu kuliko *menyapu* kwa silabi na kwa sauti, na ndiyo iliyopita. Siuoni kama mgongano na utafiti ule. Katika Kimalei urefu na viambishi vimefungwa pamoja: mizizi ni mifupi, hivyo neno likiwa refu, mara nyingi limerefushwa na viambishi. Mwalimu asipovitenganisha kwa makusudi, kama ilivyofanya karatasi ya safu tatu, ataita "urefu" kitu ambacho kwa mtoto ni mzizi uliojificha. Mtoto mmoja hathibitishi lugha nzima, bila shaka. Lakini anatosha kuonyesha kwamba swali la kuuliza kabla ya kumpa mtoto mazoezi ni neno hili ni refu kwa sababu gani.

Mpangilio wa kuanza na mzizi unaoonekana ulifanya kazi, na naamini ungefanya kazi kwa wengi. LINUS yenyewe iliweka viambishi kwenye ngazi ya 10 kati ya 12, kana kwamba ni kitu cha mwisho cha kuongeza juu ya silabi. Wakati huohuo vitabu vya hadithi vya Tahun 1 vimejaa *bermain*, *membaca* na *makanan*. Mtoto anakutana navyo tangu mwanzo bila kuambiwa ni nini, na anajizoesha kuvitamka bila kuvielewa. Adik alikuwa amefanya hivyo mwaka mzima, kwa bidii.

Kilichoharibika ni kufundisha kubandua bila kufundisha kusitisha. Kimalei kimejaa viambishi vya uongo: *berita*, habari, haina *ber-*, *terima*, pokea, haina *ter-*, *menang*, shinda, haina *me-*, *hutan*, msitu, haina *-an*. Kipimo cha "je, ni neno?" kingepaswa kuingia pamoja na kadi ya kwanza ya *ber-*, *bersih* ikiwa mezani kando ya *berlari*. Kipindi kile kibaya kingekuwa kifupi, huenda kisingekuwapo.

Hata hivyo, kipimo chenyewe kina mwisho wake, na hapo ndipo Kimalei kinapopendeza. *Beruang* ni dubu, na pia ni kitu chenye nafasi, *ber-* na *ruang*. *Mereka* ni wao, na pia kubuni. *Mengukur* ni kupima, kutoka *ukur*. Lakini *mengukur kelapa* ni kukuna nazi, kutoka *kukur*, ambayo ni mbuzi yetu ya jikoni, *k* yake ikiwa imemezwa. *Menguruskan kerja* ni kusimamia kazi, ilhali *menguruskan badan* ni kupunguza mwili, kutoka *kurus*, yaani -embamba. Hakuna kubandua kutakakokupa jibu. Msomaji mzoefu hata hahisi kwamba kulikuwa na njia panda, kwa sababu sentensi imeshamwelekeza.

Kuhusu *mensapu* na *mempukul*, sikubaliani na mstari mwekundu. Mtoto aliyekuwa anatamka *menyapu* bila kujua kwamba ndani yake kuna ufagio sasa anaandika mzizi wote na kiambishi chote. Amekosea tahajia, lakini ameonyesha kwamba anauona muundo. Watu wazima wenyewe hawafuati kanuni moja: kwa maneno ya mkopo huandika *mentadbir* na *mentafsir*, *t* ikiwa imesimama, na mzizi *kaji* hutoa *mengaji* kwa Qur'ani na *mengkaji* kwa utafiti. Cikgu alizungumza na mwalimu wa darasa, wakaafikiana kwamba makosa ya aina hiyo yaandikwe kwa penseli pembeni na yasipunguze alama kwa muhula huo. Mwalimu wa darasa alikubali shingo upande.

Hali ilivyokuwa faili lilipofungwa

Disleksia haikuthibitishwa wala kuondolewa. Zamu ya tathmini ilikuwa bado haijafika, na maendeleo yake yaliipunguzia haraka. Kadi zilizobaki zilikuwa za viambishi vya pande mbili, *ke-…-an* na *memper-…-kan*, zinazotoa maneno kama *kebersihan*, usafi, na *memperkenalkan*, kutambulisha. Cikgu aliamua kumfundisha *ke-…-an* tu, akianzia *kebersihan* kwa sababu *bersih* alishaipigania na anaijua ndani nje. *Memper-* aliiachia Tahun 3, na mama akaombwa kuendelea na mchezo wa jikoni, safari hii mtoto ndiye aanze.